Kibodi Niliyoichora Ubaoni

Kisumu, Jumapili alasiri

Mwanangu Awuor,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda Kondele kutafuta sanduku lenye kufuli inayofunga, na ninavyomjua mama yako, atabishana na wenye maduka wote wa pale kabla hajaridhika na hata moja. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimefunga mlango wa sebule, nimetoa karatasi, na nimekataa chai nisije nikapata kisingizio cha kuinuka. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokulea nayo, mimi na Kijaluo changu, mama yako na Kiluhya chake, na nyumba hii haijawahi kugombana kwa lugha nyingine.

Sitakuandikia habari ya kula vizuri, wala ya kwenda kanisani, wala ya watu wa kuwaepuka. Hayo mama yako amekwambia tangu Krismasi, na mengine ameyarudia mpaka hata mimi nimeyashika kichwani. Nina jambo moja tu, nalo ni lile la Jumanne.

Jumanne tulipokuwa tunakula uliniuliza swali. Ulisema, "Baba, hao ninaokwenda kuwafundisha kompyuta kule chuo kikuu ni maprofesa. Wengine walikuwa wanafundisha kabla sijazaliwa. Mmoja akiniuliza kitu nisichokijua mbele ya wenzake, nitafanya nini?" Nikatoa mwiba wa samaki mdomoni nikakujibu, "Hutaulizwa. Wewe umesoma." Ukaendelea kula. Mama yako akanitupia jicho lile unalolijua.

Nilikudanganya, Awuor. Utaulizwa. Utaulizwa wiki ya kwanza, pengine siku ya kwanza. Nilikujibu vile kwa sababu jibu la kweli linapitia kwenye aibu yangu, na huko sijawahi kukupeleka. Wewe unajua mwisho wa hadithi, kwa sababu mwisho nimeusimulia kila Krismasi mpaka wajomba zako wanatoka nje. Mwanzo wake nimeuficha. Leo ninakupa wote.

Miaka ya themanini, pale chuoni, mimi nilikuwa mtu mkubwa. Chuo chetu cha walimu wa diploma unakijua, kule barabara ya Busia kabla hujafika Otonglo. Nilifundisha Jiografia, na nilikuwa na uwezo mmoja uliowafanya wanafunzi wa madarasa mengine waje kuchungulia dirishani: nilichora ramani ya Afrika ubaoni nikiwa nimewatazama wao, mkono ukiwa nyuma yangu, bila kugeuka hata mara moja. Nikifika Rasi ya Tumaini Jema, darasa zima linapiga makofi. Nilikuwa na chaki zangu za rangi, nimezinunua mwenyewe, na mhadhiri mwenzangu akizigusa tulikuwa hatusalimiani wiki nzima. Waliniita Atlasi. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokubali.

Katika chuo hichohicho kulikuwa na Rosebella, sekretari wa mkuu wa chuo. Mitihani yote ilipitia kwenye mashine yake ya kupiga taipu. Mimi nilikuwa nikipata kosa moja, herufi moja tu iliyoruka, ninazungushia wino mwekundu na kumrudishia karatasi yote aanze upya. Sikumpa mkononi. Niliitupa mezani. Siku moja aliandika jina la mto vibaya, nikasimama katikati ya ofisi yake, wahadhiri sita wamekuja kuchukua barua zao, nikasema, "Chuo hiki kimeajiri vidole bila kichwa." Wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Rosebella aliingiza karatasi mpya kwenye mashine, akaanza tena kutoka mstari wa kwanza.

Nikikumbuka hiyo siku najisikia vibaya hadi leo, na ninataka ujue kwamba wakati ule sikujisikia chochote.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya tisini wafadhili wakatuletea kompyuta kumi. Ulikuwa bado msichana mdogo wa shule ya bweni, hukuona shughuli yenyewe. Mbuzi wawili walichinjwa. Mchungaji aliziombea moja moja, akiweka mkono juu ya kila boksi. Chumba kilitiwa vyuma madirishani, kikawekwa zulia, na kila aliyeingia alivua viatu mlangoni. Wake wa wahadhiri, mama yako akiwemo, walizishonea vifuniko vya kitambaa cha pazia chenye maua. Mlangoni tukabandika kibao: USIGUSE BILA RUHUSA.

Mkuu wa chuo akaniita. "Mwalimu, kuna somo jipya la kompyuta. Wewe ndiye mkubwa hapa. Chukua."

Nilikuwa sijawahi kugusa kompyuta maishani mwangu. Hapo ndipo ningesema, "Mkuu, hii sijui." Ni maneno mepesi, hata mtoto wa chekechea anayo. Badala yake nikasema, "Hakuna shida."

Nikapata kitabu kimoja, nikakisoma wiki mbili. Halafu nikafanya nilichokuwa najua kufanya. Nilikwenda darasani na chaki zangu za rangi, nikachora kibodi ubaoni. Awuor, ilikuwa kibodi nzuri! Kila kitufe mahali pake, herufi kwa nyeupe, namba kwa njano, vile vya pembeni kwa buluu. Wanafunzi wakainakili kwenye madaftari. Nikawaambia sehemu nne za kompyuta na kazi ya kila sehemu. Nikawaambia tofauti ya disketi kubwa na disketi ndogo. Mwisho wa muhula nikawapa mtihani wa kuandika, wakaandika vizuri sana, nami nikawapa alama nzuri sana.

Hivyo ndivyo nilivyofundisha kompyuta kwa miaka miwili, na zile kompyuta zenyewe zimelala chumba cha pili chini ya maua ya mama yako. Mtu akiuliza, nilisema tunazilinda na vumbi. Kila mtu alielewa, maana vumbi la Kisumu linajulikana. Hakuna aliyekuwa ananilaumu. Wengine walinisifu kwa uangalifu. Ukweli ni kwamba niliogopa siku nitakayofunua kifuniko, mwanafunzi mmoja aulize, "Mwalimu, inawashwa wapi?" na mimi nianze kuizunguka.

Mwanafunzi wangu bora wa miaka hiyo alikuwa msichana anayeitwa Jenifa. Alama ya kwanza chuo kizima. Alipomaliza akapelekwa kufundisha shule moja ya upili huko Awasi. Haikupita miezi mitatu nikamwona amesimama mlangoni pa ofisi yangu, amevaa nguo ya kazi, mkoba kifuani, uso umekaza.

"Karibu, Jenifa. Umekuja kutusalimu?"

"Mwalimu, nimekuja kuuliza kitu."

Akaniambia kwamba shule yake ilipata kompyuta moja ya msaada. Mwalimu mkuu aliwaita walimu wote, akasema kwa fahari, huyu mwalimu wetu mpya ana diploma yenye kompyuta, alama ya kwanza, atatuonyesha. Wakamsogezea kiti.

"Nilikaa mbele yake kama nimekalishwa mbele ya ng'ombe ya wenyewe," alisema Jenifa. "Sikujua hata niishike wapi. Nikawaambia stima imepotea. Na taa ilikuwa inawaka juu yangu, Mwalimu! Wote wakainua macho wakaangalia taa."

Nilipaswa kusimama nimwombe radhi. Nilichofanya ni kumwambia kwamba alipewa msingi, na mwenye akili hujijengea mwenyewe juu ya msingi. Nikamwambia hana adabu kuja kumhoji mwalimu wake ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante, Mwalimu," kwa ile sauti ya mtu anayefunga mlango polepole, akaenda zake stendi kutafuta gari la Awasi.

Wiki hiyo nilikuwa mkali hapa nyumbani. Nilimkaripia mama yako kwa sababu ya chumvi. Sikujua wakati ule kwamba aibu ikikosa pa kutokea hutokea kwenye chumvi.

Muhula uliofuata ikaja barua kutoka Nairobi. Wakaguzi watakuja baada ya miezi mitano kuona kompyuta zinavyotumika kufundishia. Zikikutwa hazitumiki, zitahamishiwa chuo kingine na somo litafungwa kwetu. Mkuu alinisomea barua yote, akaiweka mezani, akasema, "Lakini sina wasiwasi, kwa sababu uko wewe." Wanafunzi themanini walikuwa wanasoma somo hilo, na mwalimu wao alikuwa ubao.

Chuo kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kompyuta. Mashine zilipokuja, yeye alipelekwa Nairobi wiki sita kujifunza, ili achape mitihani. Alikuwa na moja mezani kwake, ameondoa kile kifuniko cha maua siku ya kwanza, na alikuwa anaitumia kutwa. Ofisi yake ilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Ndiyo, Rosebella.

Nilikwenda nikarudi mara tatu. Mara ya kwanza nilijifanya nimefuata bahasha. Mara ya pili nilijifanya nimesahau bahasha. Mara ya tatu nikakaa kwenye kiti cha wageni nikamwambia, "Madam Rosebella, nataka unifundishe kompyuta." Hapo nyuma nilikuwa simwiti Madam.

Aliacha kuchapa.

"Nitakufundisha, Mwalimu. Lakini si kwa kujificha. Saa ya lanchi, kwa chumba ya kompyuta. Mlango wazi, dirisha wazi. Mtu akitaka kuangalia, aangalie."

"Mlango wazi wa nini? Si tungefunga tu, kuna kelele..."

"Ile siku ulinitukana, Mwalimu, mlango ilikuwa wazi."

Nakwambia, Awuor, nimesoma, nimehudhuria mikutano, nimesikiliza maaskofu na mawaziri, na hakuna aliyewahi kuniweka mahali pangu kwa maneno machache kama hayo. Nikamwomba msamaha. Nilimwomba vibaya, nikigugumia, nikitazama sakafu, lakini nilimwomba. Akasema, "Haya. Kesho uje umekula, mtu wa njaa hashiki kitu." Akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake nilivua viatu mlangoni, kama desturi yetu, nikaingia na soksi yangu yenye tundu. Wahadhiri wenzangu walikuwa wamejaa dirishani, habari ilikuwa imeshatembea. Atlasi anafundishwa na sekretari! Bwana Wafula wa Historia alileta kiti kabisa, na sahani yake ya chakula. Rosebella akafunua kompyuta moja, akasema, "Washa." Nikaanza kuizunguka. Kilichotokea ndicho kile nilichokiogopa miaka miwili, na kilipotokea kilichukua dakika moja hivi, wakacheka, nikaona kitufe, nikabonyeza. Kioo cheusi kikatoa maandishi ya kijani. Nikapiga kelele kama mtoto. Hata Wafula alisimama.

Sitakudanganya mara ya pili kwa kusema ilikuwa rahisi. Vidole vyangu vilizoea chaki. Nilikuwa napiga herufi moja, natafuta ya pili, nikiipata nimesahau neno. Wiki ya pili nikataka kumwonyesha Rosebella kwamba naweza bila yeye, nikaingia kwenye disketi isiyokuwa yangu, nikafuta mtihani wa Historia. Wote, maswali na majibu. Ulikuwa wa Wafula.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Alikuja mbio na viatu, akakanyaga zulia, akauliza ni mashine gani hiyo inayomeza kazi ya mtu. Rosebella akamwambia, "Haimezi, Mwalimu. Kaa hapa nikuonyeshe namna ya kuweka nakala mbili, moja ikipotea nyingine inabaki." Akakaa akiwa na hasira. Lanchi ikaisha, bado amekaa. Kesho yake alikuja bila kiti chake, akavua viatu, akauliza nafasi yake iko wapi.

Baada ya Wafula, wengine walikuja. Waliokuwa dirishani waliona bora waingie, maana nje jua lilikuwa kali. Mwezi wa pili wa masomo hayo tulikuwa wahadhiri thelathini na kompyuta tisa, na stima ya mji huu unaijua. Ndipo ile kibodi yangu ya ubaoni ikapata kazi ya haki. Niliichora kwenye karatasi ngumu, thelathini, kila mtu ya kwake, na asiye na kompyuta alikuwa anazoeza vidole hapo huku akisubiri zamu. Likizo ya Agosti ulinikuta mezani napapasa ile karatasi, ukamwambia mama yako kwamba Baba anapiga piano isiyolia. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kanisani nilikuwa naandika mahubiri yote kwa vidole kwenye goti langu, na nadhani Mungu ameshanisamehe hilo, maana ndivyo nilivyoyasikiliza vizuri kuliko miaka yote.

Lakini kuandika kwa kompyuta na kufundisha kwa kompyuta ni kazi mbili. Hili ndilo nililochelewa kulijua, na wewe unalijua kwa vitabu, kwa hiyo nakusimulia nilivyolijua mimi. Rosebella alinionyesha namna ya kupanga tarakimu kwenye mistari na kuzigeuza kuwa mchoro. Nikachukua somo langu la zamani la mafuriko ya Nyando. Miaka yote nilikuwa nachora mto ubaoni, nachora milima ya Nandi na Kericho huku juu, bonde la Kano huku chini, naeleza mvua inavyonyesha juu na watu wanavyohama chini, wananakili, tunaondoka. Safari hii niliwapa tarakimu za mvua nikawaambia waziingize wenyewe, wanne wanne kwa kila mashine.

Nikiwa nazunguka, mwanafunzi mmoja wa Ahero, kijana mpole ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akainua mkono. "Mwalimu, hii mchoro inadanganya. Hapa inaonyesha mvua kidogo. Na hiyo wiki maji iliingia kwetu mpaka juu ya kitanda. Mimi nilibeba nyanya yangu mgongoni."

Zamani ningemwambia tarakimu ni za serikali, aandike. Nikamuuliza, "Mvua hizi zilipimwa wapi?" Wakaangalia. Zilikuwa zimepimwa hapa mjini Kisumu. "Na maji yaliyoingia kwenu yalitoka wapi?" Akafikiri. Halafu akaruka kwenye kiti: "Kericho! Mwalimu, tunataka mvua ya Kericho!" Wakaitaka wote, darasa zima, kwa kelele. Wakaifuata maktaba wenyewe, wakaiingiza, mstari ukapanda juu palepale alipombeba nyanya yake. Awuor, nilitoka nje nikasimama kwenye veranda peke yangu. Miaka kumi na tano nilikuwa nimepigiwa makofi kwa kuchora, na siku hiyo hakuna aliyenikumbuka hata kidogo. Sijawahi kufurahi vile darasani.

Wakaguzi wakaja. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, asiyecheka. Mkuu wa chuo alitaka tuwapange wahadhiri wawili hodari mbele na wengine wabaki maofisini. Nikamkatalia. Nikamwambia wachague wenyewe, mhadhiri yeyote, mwanafunzi yeyote. Wakapita kila mashine. Wakamkuta Wafula anawafundisha vijana kupanga miaka ya historia, na soksi zake safi, alizinunua kwa ajili yao. Mwisho wakaja kwangu, kwenye Nyando.

Yule mama akasimama nyuma ya wanafunzi wangu muda mrefu. Akauliza, "Mwalimu, unaweza kuweka mvua ya Kericho na kimo cha maji ya mto kwenye mchoro mmoja? Nataka kuona ni siku ngapi zinapita kati ya mvua na mafuriko. Hiyo ingewasaidia watu wa Kano."

Lilikuwa swali zuri sana, na sikulijua jibu. Mistari miwili kwenye mchoro mmoja sikuwahi kuifanya. Chumba kizima kilikuwa kimejaa, wahadhiri, wanafunzi, wakaguzi na karatasi zao. Mkuu wa chuo akakohoa, mtu mwema, akataka kuniokoa. "Wageni wetu," akasema, "chai iko tayari." Na kweli ilikuwa tayari, maana Rosebella alikuwa ameingia na trei. Ndiyo, alikuwa ametufundisha sote, na siku ya wageni alipewa trei.

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa, mwanangu. Ningekunywa chai, mambo yangepita. Nikasema, "Chai ingoje, Mkuu. Madam, hilo sijui. Lakini mwalimu wangu yuko hapa, tumuulize." Nikaenda nikampokea Rosebella ile trei, nikaibeba mimi, nikamwonyesha kiti.

Akakaa. Akatazama kioo. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Na mimi hii sijawahi fanya. Hebu tujaribu."

Akajaribu, mstari mmoja ukapotea. Akajaribu tena, yote ikapotea. Mimi nimesimama na trei. Yule kijana wa Ahero akasema, "Madam, labda tuweke hiyo ya maji kwa safu ya pembeni." Mwingine akasema hapana, juu. Wakabishana. Wakaguzi wakainama. Rosebella akaweka pembeni, akabonyeza, na ikatoka: mlima wa mvua, halafu nafasi, halafu mlima wa maji.

"Ero!" akapiga kelele Rosebella. Ndiyo hiyo! Na chumba kizima kikalipuka, wanafunzi, wahadhiri, hata wale wakaguzi wawili wanaume wakapiga makofi. Kijana wa Ahero alikuwa anahesabu zile siku za katikati kwa kidole kwenye kioo, machozi yanamtoka, na sikumuuliza kwa nini.

Yule mama akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu wa kompyuta wa chuo hiki ni nani?"

"Ni huyu."

Mkuu akasema polepole, "Huyo ni sekretari wangu, Madam."

"Nimeona anavyofanya kazi," akajibu yule mama, akaandika. Kisha akaja kuchukua kikombe kwenye trei yangu, na ndipo alipocheka.

Barua iliyofuata nilikusimulia, na hapo ndipo hadithi ya Krismasi huanzia. Kompyuta zikabaki. Zikaongezwa nyingine. Chuo chetu ndicho kilichopewa kazi ya kuwafundisha wahadhiri wa vyuo vingine likizo, na Rosebella akaandikwa mwalimu, mlango wake ukapigwa rangi na jina lake. Siku hiyo nilikimbia uwanja mzima wa mpira na tumbo hili, nikipunga barua, wanafunzi nyuma yangu wakiimba. Tulishinda, Awuor! Nilikwenda Awasi mwenyewe kumwomba radhi Jenifa mbele ya walimu wenzake, maana mbele yao ndipo aliposhikwa na aibu. Alikuja kozi ya kwanza ya likizo. Mwaka uliofuata shule yake yote ilikuwa inatumia kompyuta.

Sasa hiyo ndiyo njia yangu, na sikwambii uifuate hatua kwa hatua. Wewe una akili kuliko mimi na umeanza mapema. Nasikitika tu kwa ile miaka miwili. Wanafunzi waliopita mikononi mwangu wakati ule wako shuleni huku na huku, na wengine mpaka leo wanasema stima imepotea. Hao siwezi kuwafuata wote.

Nasikia geti. Mama yako anasema kwa sauti kwamba sanduku limepatikana na kwamba yule mtu wa duka ni mwizi. Wacha nimalizie.

Kuna jambo sijakwambia, na nilikuwa naogopa utanizuia. Chuo kikuu chenu kimetuandikia barua. Aprili kitawaita wahadhiri wa vyuo vya walimu waje wajifunze hii intaneti na namna ya kufundisha nayo, na wakufunzi wao ni nyinyi wapya. Nimeona jina lako kwenye karatasi ya wakufunzi. Nimejaza fomu, mkuu ameweka sahihi, na nimekubaliwa. Niko darasa lako, mwanangu.

Usiniite Baba mle ndani, niite kwa jina kama wengine. Nitakaa mstari wa mbele kabisa. Siku ya kwanza, dakika ya kwanza utakapouliza kama kuna mwenye swali, nitainua mkono wangu juu, mbele ya wahadhiri wote, nami nitakuuliza kitu nisichokijua.

Wako anayekuonea fahari,
Baba